Lipu ya Marehemu Pazi

Nyumba ya Bi. Chausiku iligunduliwa na fundi lifti aliyekosea kutoboa. Alikuwa chini kabisa ya Jumba la Marashi, ghorofa refu kuliko yote Kariakoo, akitafuta pa kupitishia waya, mara drili ikazama, tofali likaanguka, na fundi akajikuta anachungulia jiko la mkaa, sufuria ya uji na bibi mmoja aliyejifunga kanga. Bibi alimtazama bila kushtuka, akamuuliza kama uji anakunywa na sukari au bila.

Ndivyo jiji la Dar es Salaam lilivyokumbuka kwamba chini ya ghorofa lile kuna nyumba nzima. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma, miti na udongo na juu yake lipu ya chokaa, na bati lake bado liko kichwani. Mwenyewe wa zamani alikataa kuuza. Waliojenga ghorofa walikuwa na haraka, wakasimamisha nguzo pembeni, wakamwaga zege juu, wakaendelea na safari yao ya mawinguni. Maduka yakaja yakaziba mbele. Bi. Chausiku akawa anapitia nyuma ya stoo ya vitenge, na jua akawa anaonana nalo adhuhuri tu, linapochungulia kwenye tundu la hewa juu ya uani. Muuza vitenge alidhani bibi huyu ni mfagizi wa jengo. Wafagizi walidhani ni mama yake muuza vitenge. Bi. Chausiku hakuona sababu ya kumsahihisha mtu.

Wenye Jumba la Marashi walifurahi sana kuambiwa wana nafasi wasiyoijua. Walikuwa wanahitaji mahali pa kulaza boda za angani za wapangaji, na hapo palitosha kabisa. Wakaleta nyundo. Lakini nyundo peke yake haitoshi siku hizi, lazima kwanza aje mtu wa Idara ya Historia Fiche kuusikiliza ukuta, na mtu huyo alikuwa Siwema Likwata, msikilizaji mwandamizi, mwanamke wa makamo mwenye sikio zuri na subira ndogo.

"Shikamoo mama," alisema Siwema, akitua mzigo wake.

"Marahaba mwanangu. Umekuja kubomoa au kunywa uji?"

"Nimekuja kusikiliza ukuta."

"Basi kunywa uji kwanza. Ukuta hauna haraka."

Sheria ya Kuta ilikuwa fupi, na watu waliipenda kwa ufupi wake: ukuta ulioshuhudia jambo zito haubomolewi, na aliyedhulumiwa ndani yake atarudishiwa haki yake, yeye au uzao wake. Yote hayo yaliwezekana kwa sababu ya chokaa. Chokaa mbichi ni sikio. Inapokauka inakunja ndani yake kila mtikisiko wa sauti uliopita karibu, na ikishakauka ni kiziwi milele, hata uipigie tarumbeta. Kwa hiyo kuta za mji hazikumbuki maisha ya watu, zinakumbuka zile siku chache tu za kupigwa lipu. Jambo hili liliwavunja moyo wasomi wengi. Walitarajia njama na siri za wakubwa, wakakuta sehemu kubwa ya historia fiche ya Dar es Salaam ni watu wanaogombana na mafundi. "Fundi, mchanga wako una chumvi!" "Mama, chumvi iko mdomoni mwako!" Siwema alikuwa amesikia ugomvi huo katika kila mtaa, na angeweza kuuigiza wote, sauti zote mbili.

Lakini ukuta wa chumba cha nyuma cha Bi. Chausiku haukuwa na fundi. Siwema alibandua kipande cha lipu upana wa kiganja, akakitia kwenye kinasa, kile chombo cha ukubwa wa mkate wa boflo anachokivaa begani, akangoja. Ndani ya kinasa mnakaa Mtafsiri, akili ya mashine yenye sauti ya mwanamke mwenye adabu za ofisini, ambaye kazi yake ni kuchuja kelele, kuyaweka maneno sawa na kutoa hukumu. Siwema alivaa visikizio. Sauti ya mwanamume ikaja, kavu na safi, kutoka miaka mingi nyuma.

"Pazi! Mwizi wewe! Leo umelala unajifanya huna habari. Nyumba hii uliniibia mimi, Kasanda Kapalata! Leo nimekuja kuichukua. Kanzu yako nimeshaivaa, kitanda chako nakilalia leo leo. Na huyu mjane wako asijisumbue kukaa eda, naondoka naye kwenda Tabora!"

"Mtuhumiwa, Pazi Mwinyikondo, marehemu wakati wa tukio," alisema Mtafsiri kwa upole. "Kosa, wizi wa nyumba. Aliyedhulumiwa, Kasanda Kapalata. Uzito wa ukuta, mzito mno. Hongera kwa kazi nzuri."

Siwema alivua visikizio. Bi. Chausiku alikuwa mlangoni na kikombe cha pili.

"Umesema nini, ukuta?"

Kisheria wananchi hawasikilizishwi sauti, wanasomewa hukumu tu. Siwema akasoma, haraka haraka, kama mtu anayechomoa plasta kwenye kidonda cha mwenzake. Habari njema, nyumba haibomolewi. Habari mbaya, inakwenda kwa uzao wa Kapalata, kwa sababu babu yake Bi. Chausiku aliiiba.

Bi. Chausiku alikaa juu ya kinu.

"Babu yangu mimi akiazima sindano," alisema, "anairudisha na uzi."

 Siwema alirudi ofisini bila kunywa kile kikombe cha pili.

*

Mrithi alipatikana upesi. Aliitwa Mzee Kapalata, dereva wa treni mstaafu, mkazi wa Mbagala, mjukuu wa Kasanda yule yule. Siku ya kukabidhiwa nyumba Siwema alikuwepo kama shahidi, na alikuwa amejiandaa kwa machozi. Alibeba hata leso.

Mzee alipita stoo ya vitenge akiwa amevaa suti ya rangi ya maziwa ya mgando na kofia ya pama, akasimama ukumbini, akabisha kwa fimbo juu ya kizingiti.

"Hodi! Mwenye nyumba nimefika!"

Bi. Chausiku alikuwa anapakua pilau. Aliinua macho, akampima kuanzia kofia mpaka viatu.

"Wewe ndiye Kapalata?"

"Ndiye mimi."

"Kapalata wa wapi?"

"Tabora. Mnyamwezi wa kuzaliwa, sikuazima kwa mtu."

Siwema aliona uso wa bibi ukibadilika. Tangu siku ya hukumu ulikuwa umefungwa, sasa ukafunguka wote kwa mara moja, na akaweka mikono kiunoni.

"Mnyamwezi! Nilijua tu! Mizigo ya babu yangu umeitua wapi? Tangu utumwe bara na yale marobota tunakungoja hapa, tumengoja mpaka ghorofa limetuota kichwani!"

"Mungu wangu, Mzaramo!" Mzee alipiga fimbo chini kwa furaha. "Kumbe nyumba yangu anakaa Mzaramo! Ndiyo maana imezama. Mlikuwa kwenye ngoma, mnakata viuno, watu wanawajengea juu ninyi hamna habari!"

"Mpagazi!"

"Mla nazi! Toa hilo sinia, ni langu. Na wewe mwenyewe ni wangu, funga mzigo twende Tabora ukanilimie."

Akalichukua sinia la pilau mikononi mwa bibi, akakaa nalo mkekani, akaanza kula bila kunawa.

"Tahadhari," alisema Mtafsiri begani kwa Siwema. "Uporaji wa chakula. Uzito wa kati. Tahadhari. Mtu anadai kummiliki mtu. Mzito mno. Natayarisha wito wa polisi."

"Ngoja, ngoja!" Siwema alibonyeza kinasa kwa vidole vyote, kisha akajitupa katikati ya wazee wale, leso mkononi. "Jamani, msipigane! Nawaombeni! Kuna taratibu za rufaa!"

Wazee wawili wakamtazama. Walimwonea huruma, wala hawakujaribu kuificha.

"Mwanangu," alisema Bi. Chausiku, "kwani kwenu ninyi hamna watani?"

 Baba yake Siwema alitoka Singida na mama yake Newala, yeye mwenyewe alizaliwa na kukulia Tabata, na kabila lake alilijua kwenye fomu. Neno alilifahamu, nani asiyelifahamu, lakini utani wenyewe alikuwa hajaushuhudia tangu misiba ikabidhiwe kwa kampuni. Msiba wa siku hizi una meneja, una viti vya kukodi vyenye vitambaa vyeupe, na mtu akicheka hutolewa nje kwa heshima. Lakini akiwa amesimama pale na leso yake, alikumbuka kitu cha utotoni. Msiba wa bibi yake, Newala. Mwanamume mwenye ndevu amevaa gauni la marehemu, anatembea kwa kuchechemea kama alivyokuwa akichechemea marehemu, anawafokea waombolezaji kwa sauti yake ile ile, "Nani kanywa chai yangu?" Yeye aliogopa akajificha chini ya meza. Watu wazima walikuwa wanacheka mpaka wanalia, na mama yake, aliyekuwa hajala tangu jana yake, alicheka naye kisha akaomba chakula.

*

Kesho yake Siwema alifunga mlango wa chumba chake cha kazi, akakirudisha kile kipande cha lipu kwenye kinasa.

"Mtafsiri, toa kichujio."

"Kichujio huondoa kelele, mvua, kuku, vikohozi na vinginevyo. Bila kichujio usikivu hautakuwa mzuri."

"Toa."

Mashine ilitii kwa kinyongo. Sauti ya Kasanda Kapalata ikarudi, lakini safari hii haikuwa peke yake. "Pazi! Mwizi wewe!" na nyuma yake chumba kizima kikaangua kicheko. Wanawake walikuwa wanacheka, wazee wanakohoa kwa kucheka, mtu anapiga sahani. "Mjane wako asijisumbue kukaa eda!" na sauti ya mwanamke karibu kabisa na ukuta, sauti iliyochoka kwa kulia, ikajibu, "Tabora nani atakaa, kuna nazi huko?" Kicheko kikapanda tena, na huyo mwanamke akacheka kuliko wote, kisha akalia, na wenzake wakamshika.

Ilikuwa matangani kwa Pazi. Marehemu alifariki akiwa katikati ya kujipigia lipu chumba chake, na watani wake wakaja kufanya kazi yao mbele ya ukuta mbichi. Mtafsiri alisikia yote akayaondoa yanayomsumbua. Waliomtengeneza walimfundisha kwamba msiba ni jambo la huzuni, basi kicheko kwenye msiba akakihesabu na kuku.

Siwema alitaka kuvua visikizio, ila kipande kilikuwa hakijaisha. Watu walikuwa wametoka. Kulisikika mwiko wa fundi unakwaruza, taratibu, mtu anamalizia lipu ambayo mwenzake aliiacha nusu.  Halafu akasema, kwa sauti ile ile ya Kasanda, lakini ndogo, "Sasa Pazi, umeniacha. Nitamtukana nani mimi?" Mwiko ukasimama, kisha ukaendelea.

Siwema alilia pale pale kazini, mchana kweupe, na ile leso hatimaye ikapata kazi yake.

Alipomaliza kulia akaanza kuogopa. Alikumbuka kuta nyingine. Ule wa Ilala, mtu anamwambia shemeji yake, "Leo nakutafuna wewe na mbavu zako!" Siwema mwenyewe aliitia sahihi hukumu ile. Mla-Shemeji wa Ilala sasa yumo kwenye vitabu vya shule, watoto wanajibu maswali juu yake kwenye mtihani.

*

Mkuu wa Idara, Dakta Mbano, alikuwa mtu nadhifu asiyependa jambo lolote lirudiwe. Juu ya mlango wake aliandika kanuni aliyoitunga mwenyewe ili kuzuia rushwa: KILICHOSIKIKA HAKIFUTIKI. Hukumu ya Mtafsiri ikishaingia kwenye Hazina ya Taifa, ghala la hukumu zote, inabaki humo, labda kesi nzima isikilizwe upya kwa sahihi ya msikilizaji na muhuri wa mkuu.

Alimsikiliza Siwema mpaka mwisho, akavua miwani.

"Tuseme ni utani," alisema. "Sheria inasemaje kuhusu mzaha?"

"Mzaha hauna uzito."

"Ukuta wa mzaha ni ukuta mwepesi. Ukuta mwepesi unabomolewa. Umeelewa unachoomba, Bi. Siwema? Ukiandika ukweli, yule mama analala nje na boda zinalala ndani. Ukinyamaza, nyumba inasimama, na huyo mzee wa Tabora, kwa unavyonieleza, hatamfukuza. Nani anaumia?"

"Marehemu Pazi anaumia. Ataitwa mwizi mpaka kiama."

"Marehemu hana nyumba ya kupoteza." Dakta alirudisha miwani. "Na tukiandika mzaha hapa, kesho wataniuliza kuhusu Mla-Shemeji. Nenda kafikiri. Nitakuja mwenyewe kuchukua jibu lako."

Siwema alikwenda kufikiri Kariakoo, kwenye mkeka wa Bi. Chausiku. Mzee Kapalata alikuwepo. Tangu siku ya kukabidhiwa nyumba alikuwa anakuja kila mchana kuikagua mali yake, ukaguzi unaanza saa ya chakula. Siwema aliwaeleza yote bila kuficha, isipokuwa ile sauti ndogo ya mwisho. Hiyo aliona si ya ushahidi, na si yake kuitangaza.

Bi. Chausiku aliendelea kuchambua mchele.

"Kwa hiyo nichague," alisema. "Nilale ndani na babu mwizi, au nilale nje na babu mwema."

"Ndiyo, mama."

"Mie nimezaliwa chumba kile pale. Mama yangu amefia humu humu. Watu wakajenga juu yangu, nikasema wajenge, mradi wasinikanyage." Alitupa kijiwe kidogo cha mchele uani. "Lakini babu hayupo wa kujitetea. Nikimuuza ili nipate pa kulala, usingizi wenyewe utakuja?"

"Mimi nyumba siitaki," alisema Mzee Kapalata, na kwa mara ya kwanza Siwema alimwona hana mzaha. "Nataka kuidai. Nikipewa kweli, nitadai nini tena? Mmeniharibia mambo." Akaongeza, akimtazama bibi kwa jicho la pembeni, "Ila huyu simwachi alale nje. Mtumwa wangu akinyeshewa na mvua hasara ni yangu."

"Nyamaza, mpagazi."

Siwema hakulala vizuri usiku ule. Alijaribu kujiambia kwamba jina ni upepo na nyumba ni nyumba. Alijaribu kujiambia kinyume chake. Kila njia aliyoipita ilimrudisha kwa yule mtu na mwiko wake, anamalizia ukuta wa mwenzake, na kwa wazo kwamba mtu huyo kwenye Hazina ya Taifa ameandikwa kuwa adui wa Pazi. Hapo hasira ikamshika. Alfajiri aliandika hukumu yake kwa mkono, akaitia sahihi: Maneno haya ni utani wa msibani. Pazi Mwinyikondo hakumwibia mtu. Alijua anaibomoa nyumba kwa kalamu, lakini aliandika.

*

Dakta Mbano alifika saa za chakula, kinasa chake kipya kikimeremeta kifuani, na mbele yake harufu ya pilau ikimpokea. Alisoma hukumu ya Siwema akiwa amesimama ukumbini. Akaisoma tena.

"Sipigi muhuri hii," alisema. "Andika nyingine."

"Sina nyingine, Dakta."

"Bi. Siwema, unamtoa huyu mama kwenye nyumba yake."

"Mimi mwenyewe nimemwambia aandike," alisema Bi. Chausiku kutoka jikoni. "Karibu chakula, baba."

Mzee Kapalata alikuwa mkekani, anakula polepole kwa heshima ya mgeni wa serikali. Siwema alimtazama. Halafu akamtazama mkuu wake, yule mtu nadhifu na kanuni yake, na ule ukorofi aliokuwa hajautumia tangu shule ya msingi ukaamka.

"Mzee," alisema, "sijawatambulisha. Huyu ndiye Dakta Mbano. Kwao Songea."

Mzee Kapalata aliacha kutafuna.

"Songea?" Aliinuka taratibu kwa msaada wa fimbo. "Mngoni?"

"Ndiyo, mimi ni Mngoni," alisema Dakta, "lakini suala lililo mbele yetu..."

"Umefika mwenyewe! Kwa miguu yako! Ng'ombe wa babu yangu wako wapi?"

"Samahani?"

"Usiniombe samahani, nipe ng'ombe! Mlikuja na ngao zenu mkaswaga zizi zima, mpaka yule mwenye pembe moja. Nimekutafuta miaka yote, kumbe umejificha kwenye tai! Jamani mshikeni, mwizi huyu!"

"Tahadhari," alisema Mtafsiri kifuani kwa Dakta Mbano, kwa adabu zake zote. "Mtuhumiwa, Dakta Mbano, Mkuu wa Idara. Kosa, wizi wa ng'ombe kwa kutumia ngao. Uzito, mzito mno."

"Hapana," alisema Dakta.

"Na mke wangu mliyemchukua pamoja na ng'ombe!" Mzee alikuwa ameshamvua Dakta miwani, ameivaa mwenyewe, anatembea ukumbini kwa mikono nyuma, kidevu juu, anamwigiza Dakta Mbano kabisa. "Kilichosikika hakifutiki! Kilichosikika hakifutiki!"

"Kosa la pili, utekaji wa mke. Hukumu imeingizwa kwenye Hazina ya Taifa. Hongera kwa kazi nzuri."

"Futa!" Dakta alikigonga kinasa. "Futa hiyo! Huu ni utani! Kwani mashine hii haina akili? Anatania! Sisi na Wanyamwezi ni watani, kila mtu anajua, hata bibi yangu..."

Hapo alisikia anachokisema.  Bi. Chausiku alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yanamruka. Siwema aliangalia dari, yaani aliangalia zege la Jumba la Marashi, na hakuthubutu kuangalia pengine.

"Hakifutiki, Dakta," alisema kwa upole. "Labda isikilizwe upya."

"Basi isikilizwe upya!"

"Hii moja tu? Watasema mkuu amejipendelea."

 Dakta Mbano alikuwa msomi, na hesabu aliifanya upesi. Mashine iliyomfanya yeye mwizi wa ng'ombe ndiyo iliyomfanya Pazi mwizi wa nyumba, na ndiyo iliyomlisha mtu wa Ilala shemeji yake. Kuisahihisha kwa mmoja ni kuisahihisha kwa wote. Na kuta zote zikirudiwa, hakuna ukuta hata mmoja wa mji utakaoguswa na nyundo mpaka zamu yake ya kusikilizwa ifike, mwepesi kwa mzito. Kwa kasi ya ofisi yake aliyoijua vizuri, zamu hizo zingewakuta wajukuu.

Aliketi mkekani, suruali yake ya kunyooshwa ikikunjamana.

"Nirudishie miwani, mpagazi," alisema kwa sauti ya chini.

Mzee Kapalata aliirudisha kwa mikono miwili, akamsogezea sinia.

*

Wenye Jumba la Marashi walipewa barua ya kungoja, wakangoja. Boda zao zinalala juu ya paa na kunguru wanazinyea. Mzee Kapalata aliajiriwa na Idara kumfundisha Mtafsiri kucheka, kazi aliyosema ni ngumu kuliko kuendesha treni kwenda Kigoma. Vitabu vya shule havijabadilishwa bado, lakini Mla-Shemeji ameondolewa kwenye mtihani.

Ukutani lilibaki lile tundu alilolibandua Siwema. Alirudi siku ya mapumziko, bila sare, na chokaa kwenye ndoo, kuliziba. Bi. Chausiku alisimamia, akasema mchanga una chumvi. Mzee Kapalata alishika mwiko, kwa madai kwamba ukuta ni wake.

"Mkiisha kupaka, semeni kitu," alisema Siwema. "Ikiwa mbichi inasikia."

"Niseme nini kwa huyu? Nyumba hii ni yangu, huyu bibi ni mali yangu, na pilau lake halina chumvi."

"Asiwadanganye, enyi mtakaosikia," alisema Bi. Chausiku karibu na ukuta. "Babu yake alikuja kubeba mzigo, akabaki kubeba sahani."

Siwema alicheka, kisha akaingiwa na wasiwasi wa kazi. Aliinama kuelekea lipu. "Wanaosikiliza, naomba mfahamu kwamba hawa ni wata..."

Bi. Chausiku akamfunga mdomo kwa kiganja chenye chokaa.

"Waache wahangaike," alisema. "Wakiwa na watani wao wataelewa. Wasipokuwa nao, hata ukiwaeleza utawasaidia nini?"

Vumbi la chokaa likampalia bibi akisema hayo, akaanza kukohoa. Alikohoa kwa muda mrefu, ameshika ukuta, kikohozi cha mtu mzima kinachotoka mbali. Mzee Kapalata aliacha mwiko. Alimshika bega, akangoja, na alipoona pumzi inarudi akasema, kwa sauti ndogo ambayo Siwema alikuwa ameshaisikia mahali, ingawa mzee huyu hakuwahi kuisikia, "Wewe mla nazi, usije ukanitangulia. Nitamtukana nani mimi?"

Siwema alikitoa kinasa begani, akakizima, akakitia ndani ya mkoba kabla hakijasema lolote. Lipu ilikuwa bado mbichi.